Stoo ya Sh6,500 kwa Mwezi: Ulipe, Uuze, au Upeleke Vitu Ahero?

Swali: Ninaishi Migosi, Kisumu, nyumba ya chumba kimoja cha kulala, kodi Sh14,000. Nimepata kandarasi ya miezi 10 Lodwar kuanzia mapema Februari, na mwajiri anatoa nyumba yenye kila kitu. Nina kochi la siti saba, kabati la nguo la milango mitatu, meza ya sebuleni, friji, jiko la gesi la kusimama, televisheni ya inchi 43, kitanda cha mbao ngumu cha futi 5 kwa 6 na godoro lake, na katoni kama 12 za vitabu, vyombo na nguo. Kuna mtu Mamboleo anakodisha stoo ya futi 10 kwa 10 kwa Sh6,500 kwa mwezi. Shemeji yangu wa Ahero naye ana chumba kitupu, anasema nipeleke vitu bure. Nifanye nini?

Jibu: Kwa orodha hiyo, usichukue stoo ya futi 10 kwa 10. Ukipata chumba kidogo zaidi kisichozidi Sh4,000 kwa mwezi, hapo kukodi kunaingia akilini. Nitakuonyesha namba hiyo imetoka wapi, kwa sababu bei nitakazotumia ni za mfano. Weka zako halafu urudie hesabu.

Pima kwanza. Chukua futi kamba, pima urefu, upana na kimo cha kila kitu kwa mita, kisha uzidishe. Kochi la siti saba (la watu watatu, la wawili na viti viwili vya mtu mmoja) hula karibu mita za ujazo 4.4. Kabati la milango mitatu ni 1.4, na meza ya sebuleni pamoja na vikorokoro vyake ni 0.5. Friji ya milango miwili ni 0.55, jiko 0.25, televisheni ndani ya katoni yake 0.1, kitanda kilichofunguliwa 0.4, godoro la inchi 8 ni 0.55, na katoni 12 za wastani ni 1.2. Jumla inafika 9.35. Chumba cha futi 10 kwa 10 kina mita za mraba 9.3. Ukipanga vitu hadi kimo cha mita 1.8, kisha uondoe asilimia 30 kwa ajili ya njia ya kupita na nafasi ya hewa ukutani, unabaki na karibu mita za ujazo 11.7. Kwa hiyo vitu vyako vingetosha humo.

Sasa gawanya kodi kwa ujazo. Sh6,500 kwa 9.35 ni karibu Sh700 kwa kila mita ya ujazo kila mwezi. Kwa miezi 10, kochi peke yake litalipiwa Sh30,800, kabati Sh9,800, friji Sh3,850, kitanda Sh2,800 na televisheni Sh700.

Namba hizo zilinganishe na pengo, wala si na bei uliyonunulia. Pengo ni tofauti kati ya pesa utakazopata ukiuza kitu leo na pesa utakazohitaji kupata kingine cha hali hiyo hiyo ukirudi. Tuseme kochi lako litaenda kwa Sh22,000, na lililotumika la aina yake utalipata kwa Sh30,000. Pengo ni Sh8,000. Kulipa Sh30,800 ili kuepuka hasara ya Sh8,000 ni kupoteza zaidi ya Sh22,000, na juu ya hapo kochi litakuwa limezeeka miezi 10 zaidi na sponji yake imelala. Kabati ni vilevile: ukiuza kwa Sh8,000 na kununua jingine kwa Sh12,000, pengo ni Sh4,000 dhidi ya Sh9,800 za nafasi. Tena makabati mengi ya siku hizi ni ya mbao za vumbi zilizogandishwa. Ukifungua skrubu na kuzirudisha mara mbili matundu yanalegea, na unyevu ukiingia kwenye kingo za chini mbao huvimba na hazirudi tena.

Kitanda cha mbao ngumu ni kinyume kabisa. Sokoni utapewa labda Sh12,000, lakini fundi akikuchongea kingine kama hicho hatakubali chini ya Sh25,000. Pengo ni Sh13,000 kwa kitu ambacho nafasi yake inagharimu Sh2,800, kwa hiyo kitunze. Godoro pia, maana la mitumba hutalitaka na jipya utalilipia. Nimeweka pengo la Sh9,000. Friji nimeipa Sh8,000, televisheni Sh5,000, jiko Sh5,000, na katoni zote Sh10,000. Hivyo vitu sita vina pengo la jumla la Sh50,000 na ujazo wa mita 3 tu na kidogo.

Hapa ndipo wengi wanapokosea hata wakiwa wamefanya hesabu yote hii. Ukiuza kochi, kabati na meza lakini ukabaki na stoo ile ile ya Sh6,500, hujaokoa shilingi hata moja ya kodi. Miezi 10 bado ni Sh65,000, kwa vitu ambavyo kuviuza na kununua vingine kungekugharimu Sh50,000. Ujazo ukipungua, chumba nacho sharti kipungue. Toa kwenye Sh50,000 pikapu ya kupeleka na ya kurudisha, tuseme Sh6,000, na vifaa vya kufungia Sh4,000. Zinabaki Sh40,000. Gawanya kwa miezi 10, unapata Sh4,000, ndiyo dari yako. Mwenye stoo muulize ana futi 5 kwa 8 au 5 kwa 6. Ya 5 kwa 8 inabeba karibu mita za ujazo 4.7 kwa hesabu ile ile ya njia na hewa, na ya 5 kwa 6 inabeba 3.5, yaani inatosha kwa kubana. Kama hana, muulize kama anaweza kukata chumba kwa mbao na wavu wa chuma mkagawana na mteja mwingine, kila mmoja na mlango wake. Wenye magodauni huwa wanakubali, hasa chumba kikiwa kimekaa kitupu.

Kuendelea kulipia nyumba ya Migosi ni Sh140,000 kwa miezi 10, hivyo hilo tuliache.

Chumba cha Ahero ni bure, na huo ni ukarimu wa kushukuriwa, lakini Ahero iko kwenye tambarare za Kano kando ya mto Nyando. Mvua kubwa ikinyesha juu kwenye milima ya Nandi na Kericho, maji hushuka na kutanda huku chini hata siku ambayo Ahero kwenyewe kumekauka. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa kule haunywi maji haraka, kwa hiyo yakiingia hukaa. Miezi yako 10 inaanza Februari na kuisha Novemba, yaani inapita katikati ya masika ya Machi hadi Mei na kukutana na vuli kabla hujarudi. Mwulize shemeji mambo mawili bila haya: mwaka 2020 na mwaka 2024 maji yalifika wapi nyumbani kwake, na sakafu ya chumba hicho imeinuka futi ngapi kutoka ardhini? Ukuta wenyewe husema kweli. Mstari wa tope huweza kubaki hata baada ya kupakwa rangi, ukiangalia nyuma ya mlango na kwenye kona. Kama maji yaliwahi kuvuka kizingiti, usipeleke kitu chenye mota wala godoro. Kuna na hili la undugu: friji iliyokaa kwa shemeji miezi 10 itawashwa siku ya sherehe, na huwezi kumlaumu mtu aliyekuhifadhia bure. Ukimpelekea kitu, mpe ruhusa ya kukitumia tangu mwanzo, na kiwe kitu ambacho kikiharibika hamtagombana. Ukiwa na mtu upande wa Kiboswa, Maseno au Luanda, ambako ardhi imeinuka, suala la mafuriko linapungua sana, ila mchwa uwape uzito zaidi.

Kuna njia nyingine ambayo hukuitaja, nami naiona nzuri kuliko stoo nyingi: chumba kimoja cha kupanga kwenye ploti ya ghorofa, orofa ya kwanza au ya pili, ndani ya dari yako ya Sh4,000. Maji ya mvua hayafiki juu, mchwa hupata shida kupanda, na sakafu haivuti unyevu wa ardhini. Udhaifu wake ni kwamba chumba kisicholala mtu hujulikana haraka. Kichukue tu kama jamaa au rafiki yako anaishi ploti hiyo hiyo na atakifungua kila mwezi. Mweleze msimamizi wa ploti kwamba ni chumba cha vitu, weka kufuli lako mwenyewe juu ya kitasa, na upeleke vitu kwa safari moja mchana badala ya vipande vipande jioni. Na kodi usiichelewe hata mwezi mmoja. Chini ya sheria ya Kenya ya kukamata mali kwa deni la kodi, Sura ya 293, mwenye nyumba anaweza kumtuma dalali achukue vilivyomo ndani, nawe ukiwa Lodwar utapata habari vitu vikiwa vimeshaondoka.

Sheria hiyo inakuhusu hata kwenye stoo, kwa njia ambayo wateja hawaifikirii. Mwenye stoo mwenyewe anaweza kuwa mpangaji katika godauni la mtu mwingine. Akidaiwa kodi, mlango unaweza kufungwa vitu vyako vikiwa ndani, na hata kama mahakamani una haki, utasafiri kwenda kuitafuta. Uliza jengo ni la nani. Kama amepanga, taka mkataba wenu useme wazi kwamba vitu vilivyo kwenye chumba chako ni mali yako, ukiambatanisha orodha iliyosainiwa na pande zote mbili.

Soma pia mkataba ni wa aina gani. Kuna wa kukodi nafasi: kufuli ni lako, ufunguo unao wewe peke yako, na karibu kila mara utakuta kifungu kinachosema vitu viko kwa hatari ya mwenyewe. Na kuna wa kukabidhi: kampuni ya kuhamisha watu inachukua vitu, inavihesabu, inaviweka kwenye bohari lake na ufunguo ni wake. Huo wa pili huwa ghali zaidi na huwezi kuingia ovyo, lakini anayepokea amana anawajibika kueleza kilichopotea. Kwa mtu anayekwenda mbali kama wewe, wa kukabidhi una faida, mradi orodha ya mapokezi iandike hali ya kila kitu na namba za kiwandani za friji na televisheni. Katika aina zote mbili tafuta mambo haya yameandikwa: notisi ni siku ngapi, kodi inaweza kupandishwa lini, dipoziti inarudi baada ya muda gani, na ukichelewa kulipa vitu vyako vitashikiliwa siku ngapi kabla ya kuuzwa. Lipa kwa M-Pesa kwenye namba iliyo ndani ya mkataba, si namba ya kijana wa getini. Kama una bima ya vitu vya nyumbani, ipigie kampuni kabla ya kuhama. Bima hizo hufungwa na anwani, na mara nyingi hukatika nyumba ikikaa bila mtu siku nyingi mfululizo.

Kabla hujalipa popote, kikague chumba, na kukikagua kwa kutumiwa picha hakutoshi. Nenda siku moja baada ya mvua kubwa. Tazama futi ya kwanza na ya pili ya ukuta kutoka chini: rangi inayobanduka na unga mweupe kama chumvi ni dalili kwamba maji yanapanda kutoka kwenye msingi. Pitisha tochi kwenye kona na fremu ya mlango ukitafuta vijia vya udongo vya mchwa. Kisha fanya jaribio la sakafu. Kata karatasi ya nailoni inayoonyesha ndani, nusu mita kwa nusu mita, ibandike sakafuni kwa selotepu pana pande zote nne na uiache usiku kucha, hadi saa 24. Ukikuta matone au simiti imekuwa nyeusi chini yake, sakafu hiyo inapumua unyevu, na katoni zitakazokaa juu yake zitaoza kuanzia chini. Mwenye stoo akikataa jaribio la usiku mmoja, endelea na safari yako.

Kisha inua macho. Bati tupu lisilo na dari ni tatizo kubwa Kisumu, kwa sababu hewa ya ziwani imebeba maji mengi. Mchana bati huwaka, usiku hupoa haraka kuliko hewa iliyo chini yake, na maji yaliyomo hewani hugeuka matone upande wa ndani wa bati kisha hudondoka. Watu huona godoro limelowa na kusema paa linavuja, kumbe halina tundu hata moja. Kontena la chuma ni baya zaidi kwa hilo, maana limefungwa pande zote. Likubali tu kama limetobolewa madirisha ya hewa juu na chini pande mbili zinazokabiliana, na limefunikwa kwa paa la pili au limewekwa kivulini.

Kwa kufunga vitu, muda mwingi uupe friji na godoro. Friji izime siku mbili kabla, barafu iyeyuke yote, ifute kwa maji yenye magadi kidogo, ikaushe, kisha milango iachwe wazi upana wa vidole vitatu kwa kitambaa kilichokunjwa na kufungwa kwa kamba. Friji iliyofungwa ikiwa na unyevu huota ukungu mweusi kwenye mipira ya mlango, na harufu yake haitoki. Isafirishwe imesimama. Ukirudi, isimame kwa muda wa saa 4 kabla ya kuiwasha. Kama ililazwa njiani, ipe saa 24 mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Godoro lianike jua kali siku nzima, ukipekua mishono kwa ajili ya kunguni, livalishe shuka kuukuu kisha nailoni, na upande mmoja usiuzibe kabisa ili lisitoe jasho ndani. Lisimamishe kwa ubavu wake mrefu, limebanwa na kichwa cha kitanda upande mmoja na mbao za kitanda upande mwingine. Likijikunja miezi 10 halinyooki.

Weka kila kitu juu ya paleti au mbao zilizoinuka inchi 4 hadi 6, na uache upana wa kiganja kati ya vitu na ukuta. Katoni ya vitabu isizidi kilo 15, na usipandishe zaidi ya tatu. Nguo zifuliwe na zikauke kabisa bila wanga, kwa sababu wanga huita mende. Televisheni ikae wima ndani ya katoni yake, betri za rimoti zitolewe. Mtungi wa gesi hauingii stoo, uwe na gesi au mtupu; uuze au mwachie jirani anayeutumia. Unga, mchele, mafuta ya kupikia na sabuni za miche ni karamu ya panya, gawa vyote. Hati ya shamba, vyeti vya shule na picha za familia nenda navyo Lodwar.

Achia mtu mmoja wa Kisumu ufunguo wa akiba, nakala ya kitambulisho chako na barua fupi ya kumruhusu kuingia. Afungue mlango mara moja kwa mwezi, hewa ipite kwa muda wa saa moja, na wakati wa masika kila baada ya wiki mbili. Akutumie picha ya sakafu na ya dari, kwa sababu huko ndiko uharibifu unakoanza.

Kandarasi za miezi 10 huongezwa. Fanya hesabu ya kuongezwa sasa hivi: ukipata chumba cha Sh3,000, zile Sh40,000 zinaisha mwezi wa 13. Mwambie mtu wako wa Kisumu kwamba ukifika Oktoba na huna tarehe ya kurudi, auze friji na jiko kwanza, maana ndivyo vinavyoshuka bei kwa kukaa, na kitanda kiwe cha mwisho.

Kuhusu kochi, litangaze kabla ya Krismasi. Desemba watu wanapamba sebule kupokea wageni na pesa ziko mkononi. Januari zote zimekwenda kwenye karo na sare za shule, na mnunuzi akijua unahama wiki ijayo atakupa nusu. Litangaze pamoja na meza, bei moja, na mnunuzi agharamie usafiri. Hadi Februari utakalia viti vya plastiki.